Kizibo cha Jani la Mgomba

Shida yangu ilianza mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi. Mwaka huo baba yangu alishikwa na kifua wakati wa kuvuna maharage, akabebwa na wanaume wanane kutoka Kirushya, kijiji chetu huko Ngara, kupelekwa hospitali ya misheni. Walimbeba kwa machela ya fito, ile ambayo kwetu inaitwa ingobyi, wanne wakibeba na wanne wakipumzika, wakipokezana kwenye kila mteremko. Mimi nilitembea nyuma nimeshika viatu vyake. Alikuwa na jozi moja. Alisema akishapona atavivaa arudi kwa miguu. Kabla hatujafika nusu ya njia wale wanaume waliweka machela chini, mmoja akamfunika uso, wakageuka. Hakuna aliyeniambia kitu. Niliona tu kwamba tunarudi.

Shule niliachia darasa la tatu. Kusoma najua, lakini polepole, na kuandika kwangu ndiko huku mnakokuona. Anayetaka maandishi ya kupendeza atafute mwalimu. Mimi nina mikono, na kwa mikono hii nimelima vibarua vya watu, nimebeba mikungu ya ndizi kupandisha mlima wa Ngara mjini hadi sokoni, nimepasua mbao, nimechoma mkaa. Na katika kazi zote hizo nilikuwa na neno moja kichwani: nyumbani kwangu hatabebwa mtu. Mgonjwa wangu atapanda gari, na gari litakuwa langu.

Wakimbizi walipokuja miaka ya tisini, nilipata kibarua kwenye kambi yao ya Lukole cha kupakua magunia ya mahindi kutoka kwenye malori. Baadaye dereva mmoja mnene, mtu wa Tabora, akanichukua niwe utingo wake. Yule ndiye aliyekuwa shule yangu. Gari likikorofisha alikuwa ananiambia, "Funga mdomo, sikiliza injini." Alinifundisha kwamba dizeli ina njia yake, inatoka kwenye tenki, inapita kwenye filta, inaingia kwenye pampu, inakwenda kwenye nozeli, na fundi anayeruka hatua moja ni mwizi. Siku moja tenki la lori letu lilitoboka porini. Akaweka dumu la dizeli nyuma ya kiti, akavuta mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu ya injini, tukaingia Lukole bila kutumia tenki kabisa. Ule mpira niliushika kwa mkono wangu njia nzima usichomoke. Likumbukeni jambo hilo, maana nitalirudia.

Nilioa. Ardhi ya Ngara ilikuwa imebana, ndugu wengi na kila mmoja ana mistari yake michache ya migomba, kwa hiyo tukahamia upande wa Biharamulo, ndani kabisa, ambako wakati huo msitu ulikuwa bado mwingi. Majirani zetu kule ni Wasukuma waliotoka Shinyanga na Mwanza na ng'ombe zao na mikokoteni yao. Sisi tulipanda migomba, na mke wangu akaanza kutengeneza rubisi. Alikuwa anakanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa mti kwa miguu yake mwenyewe, anachuja, anaweka mtama wa kukaanga, anafunika, anasubiri. Watu walikuwa wanatembea mbali kuifuata pombe yake. Huwa nasema nimejitafutia kila kitu mwenyewe, na mtu akinibishia nitamjibu, lakini hapa naandika kweli: nusu ya ile pikapu niliyoinunua baadaye ilikuwa rubisi.

Ilikuwa pikapu ya dizeli, imetumika, rangi yake ya zamani huwezi kuitaja. Nilipoiingiza uwanjani kwetu nilikaa ndani yake mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kuitwa. Mjamzito akikwama, nimeitwa. Mtu ameumwa na nyoka, nimeitwa. Sikukataa hata mmoja. Ikizima njiani niliitengeneza mwenyewe, na hakuna fundi aliyewahi kuifungua boneti yake zaidi yangu. Mke wangu alikuwa ananiita Fundi wa Lukole, na kwa namna alivyolisema hujui kama anakusifu au anakucheka.

Sasa nakuja kwenye kizibo.

Mfuniko wa tenki ulipotea barabarani. Barabara yetu ni ya mashimo, ulilegea, ukaanguka, sikuuona. Kwetu kibuyu cha pombe hakina mfuniko wa dukani. Unachukua jani kavu la mgomba, unalikunja, unalisokota, unaziba nalo mdomo wa kibuyu, na pombe hailalamiki. Dumu vilevile. Hata chupa ya mafuta ya taa. Nami nikafanya hivyo kwenye tenki. Nilisokota jani nikaziba nalo, nikafunga na kipande cha mpira wa baiskeli juu yake. Mke wangu akasema, "Hilo litalowa. Likilowa linalegea, inabidi ubadilishe kila mara." Nikamwambia nitanunua mfuniko. Mfuniko unauzwa senta, pale penye maduka, mahali ninapopita kila wiki. Sikununua. Kizibo kilikuwa kinafanya kazi, na mimi si mtu wa kununua kitu ambacho mgomba unakitoa bure.

Mwaka juzi wakati wa kiangazi, mke wangu aliamka na tumbo. Mwanzoni alisema ni maharage. Akaendelea kufagia. Kufikia saa moja na nusu asubuhi alikuwa ameinama ameshika ukuta, na tumbo limejaa juu kama ngoma, anatapika kitu cha kijani. Mke wangu si mtu wa kulalamika. Alizaa watoto wawili na sikumsikia. Siku hiyo aliniambia, "Washa gari."

Watoto wetu wako mbali, mmoja Mwanza na mwingine Kahama. Tulikuwa wawili. Nilimlaza kwenye kiti cha mbele, kichwa kwenye mto karibu na mlango, miguu kwenye mapaja yangu pale penye gia. Nilitia dumu moja la dizeli nyuma, na mpira wa kunyonyea, kama kawaida ya safari. Gari liliwaka mara moja. Kutoka kwetu hadi kwenye lami ni saa moja na nusu, na kutoka kwenye lami hadi hospitali si mbali. Nilihesabu tutafika kabla ya saa tano.

Tulikwenda kama nusu saa. Tukipanda kilima baada ya bonde la pili, injini ikapungua nguvu. Haikugonga wala kupiga kelele. Ilififia tu kama mtu anayesinzia, ikakohoa mara mbili, ikazima.

"Imekuwaje?" mke wangu akauliza.

"Dizeli ya yule mtu anayeniuzia pale senta. Ameweka maji."

"Juzi ulisema ni yeye peke yake asiyeweka maji."

"Juzi ilikuwa juzi."

Nilipiga selfu. Ilizunguka kwa nguvu, maana yake betri ni nzima. Nilichovya kijiti kwenye tenki, kikatoka kimelowa zaidi ya nusu, maana yake dizeli ipo. Nikafungua boneti. Juu ya filta kuna kitufe cha kupampu kwa kidole gumba, cha kuvutia dizeli kutoka kwenye tenki. Nilikibonyeza. Kikashuka, na hakikupanda. Kikabaki chini kimezama.

Hapo gari lilikuwa limeshasema kila kitu. Yule dereva mnene angeniuliza, "Pampu imebonyea haipandi, maana yake nini?" na mimi ningejibu bila kufikiri: maana yake inavuta na kitu hakiji, njia imeziba nyuma, upande wa tenki. Hilo nililijua tangu Lukole. Lakini siku hiyo nilifungua filta, nikamwaga dizeli yake kwenye kikombe nikitafuta maji. Hakukuwa na maji. Nikasema basi ni uchafu. Nikafuta, nikafunga, nikaangalia nyaya, nikaangalia fyuzi, vitu ambavyo havina habari na ugonjwa ule. Ilipita karibu nusu saa. Nikapiga selfu, ikawaka.

"Nilikwambia," nikamwambia mke wangu.

"Umeniambia maji. Umeyaona?"

Nikatia gia. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye mdomo wa juu.

Tulikwenda kama kilomita sita. Tulikuwa ndani ya msitu sasa, miti pande zote, hakuna nyumba. Ikafifia vilevile, ikakohoa vilevile, ikazima. Nikashuka. Nikabonyeza kile kitufe. Kikazama, kikabaki.

"Mzee," mke wangu akaita kutoka ndani.

"Nini?"

"Kibuyu kikikataa kutoa pombe, ukikisimamisha na kukitikisa kinatoa, halafu kinakataa tena, unajua ni nini?"

"Unataka nilitikise gari?"

"Ni kizibo kimeingia ndani. Kinaelea, kikifika mdomoni kinaziba. Ukiacha kumimina kinarudi."

"Hii ni injini. Siyo kibuyu. Lala."

"Nimelala tangu asubuhi. Anayehangaika ni wewe." Akavuta pumzi. Akasema, "Lile jani la kwanza. Siku ile. Liko wapi?"

Siku ile ilikuwa wiki moja nyuma. Nilikuwa natia dizeli uwanjani, yeye yuko kwenye mtumbwi wake anakanyaga ndizi, povu limefika kwenye vifundo vya miguu. Nilimaliza kumimina, nikasukuma jani kwenye tundu kwa kidole gumba, nikasukuma zaidi maana lilikuwa limelegea, na halikuwepo tena. Nikaangalia upande huu na upande ule. Nikaenda kwenye mgomba, nikachukua jani jingine, nikasokota. Yeye akainua kichwa akauliza, "La kwanza liko wapi?" Nikamwambia, "Limeanguka njiani." Akaniangalia, akaendelea kukanyaga.

Sasa aliniuliza mara ya pili, msituni, na mimi nikasema, "Nilishakwambia. Lilianguka."

Nataka mnielewe hapa. Nilikuwa na dumu la dizeli nyuma ya gari. Nilikuwa na mpira. Kutoa bomba la tenki, kuchomeka ule mpira kwenye dumu, kuliweka dumu pale karibu na injini na kuondoka, ni kazi ya robo saa. Nilifanya hivyo Lukole nikiwa utingo. Nililikumbuka jambo hilo pale pale nimeshika spana. Lakini kufanya hivyo kulikuwa ni kukubali kwamba ugonjwa uko kwenye tenki, na tenki lile aliyeliziba ni mimi, na yeye alishaniambia. Nikaona bora iwe kitu kingine. Gari lina vitu vingi.

Ndipo likatokea wingu la vumbi nyuma yetu. Ulikuwa mkokoteni wa ng'ombe wawili, na Msukuma mmoja wa makamo ameketi juu ya magunia ya mpunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Limekufa?"

"Limepumzika."

Akashuka, akaenda dirishani. "Mwangaluka, mayo," akamsalimia mke wangu kwa Kisukuma, na mke wangu, ambaye alijifunza lugha yao kwa kuwauzia pombe, akamjibu. Waliongea kidogo. Yule mtu akarudi kwangu, sura imebadilika.

"Mzee, huyu mama hali yake si nzuri. Mpakie kwangu. Magunia nayashusha hapa, yatanisubiri. Kutoka hapa mpaka kwenye lami ni saa mbili na kidogo."

"Kwa gari ni nusu saa."

"Kwa gari linalotembea, ndiyo."

"Litatembea."

"Sawa. Lakini hawa hawasubiri selfu." Akampiga ng'ombe mmoja kofi la mgongoni. "Wakila majani, wanakwenda."

Mke wangu akasema, "Niende naye. Wewe utatukuta mbele."

"Hutabebwa," nikasema.

"Mkokoteni siyo machela. Una magurudumu."

Yule mtu hakuelewa tunazungumza nini. Mke wangu alielewa. Alinijua tangu nina miaka ishirini na mbili, zamani kabla sijamwoa, na habari ya viatu vya baba nilimsimulia yeye peke yake. Nilisema, "Nimesema hutabebwa. Nina gari." Yule mtu akanitazama, akamtazama mke wangu, akapanda juu ya magunia yake. Akasema, "Haya, mzee. Mungu awasaidie," akaenda.

Nilikasirika. Kwa hasira nikachomoa bomba linalotoka kwenye tenki, nikaweka mdomo, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Nikasikia dizeli inachemka ndani ya tenki kama maji ya ugali, na bomba likawa jepesi. Kitu kilikuwa kimesukumwa. Nikarudisha, nikapampu, kitufe kikapanda. Gari likawaka. Mtu mwenye akili angesema hapo hapo: basi, nimejua, nitaweka dumu. Mimi nilisema uchafu umetoka.

Tulimpita yule Msukuma baada ya muda si mrefu. Nilipiga honi. Naona aibu kuliandika hilo, lakini nilipiga honi mara mbili na kuinua mkono. Yeye naye akainua fimbo yake, bila ubaya. Mke wangu alikuwa amefumba macho.

"Umemwona rafiki yako?" nikamwambia.

"Endesha," akasema.

Kilomita nne tu. Ikazima.

Hii mara ya tatu sitaieleza kwa urefu. Mke wangu alikuwa ameanza kunung'unika kwa Kihangaza, lugha ya kwetu Ngara, maneno ya utotoni, anamwita mama yake aliyekufa zamani. Niliamua ugonjwa uko kwenye pampu ya injini. Hakuna sababu. Niliamua tu, kwa sababu pampu ni kitu kikubwa, kigumu, kinachoweza kumshinda hata fundi bingwa, na mtu akishindwa na pampu hachekwi. Nikachukua spana namba kumi na saba, nikaiweka kwenye ile boliti yenye tundu katikati inayoingiza dizeli kwenye pampu. Ilikuwa imekaza kwa kutu. Nilivuta. Haikusogea. Nikatia bomba la chuma kwenye mkia wa spana ili niongeze nguvu, nikavuta kwa mwili wote.

Boliti ilikatika. Nusu ikabaki mkononi mwangu na nusu ndani ya pampu.

Hapo gari likawa limekufa kweli. Lile jani lilikuwa linazima injini na kuiachia, linazima na kuiachia. Aliyeiua ni mimi.

Nilikaa chini kwenye vumbi karibu na tairi. Mke wangu alikuwa ameusikia ule mlio wa chuma, na miaka yote ile ya kuishi na mimi ilikuwa imemfundisha milio ya vyuma. Tulikaa hivyo zaidi ya saa moja. Halikupita gari lolote, wala pikipiki. Kisha nikasikia magurudumu, na ng'ombe wale wawili wakatokea.

Yule mtu alisimamisha mkokoteni, akaanza kushusha magunia yake moja moja, akayapanga kwenye ubavu wa pikapu. Alipomaliza akasema, "Gari lako litanilindia mpunga." Nadhani alitaka kunipa kitu cha kujibu. Tulimwinua mke wangu pamoja, yeye kichwani mimi miguuni, tukamlaza kwenye mbao juu ya godoro la kiti nililoling'oa garini. Yule mtu akavua shuka lake la begani akamfunika jua.

Niliketi nyuma, kichwa cha mke wangu kwenye mapaja yangu. Mkokoteni hauna springi. Kila jiwe lilikuwa linamfikia. Nilikuwa namshika tumbo kwa mkono wazi, kama vile ningeweza kulizuia lisitikisike. Tulikwenda muda mrefu, ng'ombe wanapumua, yule mtu anawazungumzia kwa sauti ya chini.

Kisha mke wangu akafumbua macho. Alikuwa na akili zake timamu.

"Nikuulize," akasema.

"Uliza."

"Siku ile. Uliliona linaingia, au hukuliona?"

Yule Msukuma alikuwa karibu, mgongo wake ungeweza kuugusa kwa mkono. Anajua Kiswahili kama mimi. Nilitamani tungekuwa peke yetu. Lakini mke wangu alikuwa ananitazama kutoka chini, na macho yake yalikuwa makavu.

"Niliona," nikasema.

"Uliliona kwa macho."

"Nililiona linazama. Nikaona aibu kukwambia."

Akageuza uso. Nilidhani ameumia. Kisha kitu kikatingishika kifuani mwake, nikajua anacheka, au anataka kucheka na tumbo linamkataza.

"Fundi wa Lukole," akasema. Baada ya hapo akasema, "Kanunue mfuniko."

"Nitanunua."

"Leo."

"Leo."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho yaliyonyooka. Kwenye lami lori la mbao lilisimama bila hata kupungiwa mkono mara ya pili. Yule Msukuma alitusaidia kumpandisha, akageuza ng'ombe wake kurudi kwenye mpunga. Tulifika hospitali saa kumi jioni. Waliingia naye chumba cha upasuaji haraka, siwezi kuwalaumu, walifanya kazi yao. Daktari alitoka baadaye akanieleza kwamba utumbo ulikuwa umejisokota, na sehemu iliyokosa damu imeoza, wamekata walichoweza. Alikuwa na karatasi. Akaniuliza maumivu yalianza saa ngapi. Nikamwambia alfajiri. Akauliza tumetoka nyumbani saa ngapi. Nikamwambia saa mbili. Akauliza tunakaa umbali gani. Nikamwambia. Akatazama saa ya ukutani, akaandika. Hakunisema. Herufi nazisoma polepole, lakini tarakimu nazijua, na niliziona alizoandika, mbili na kumi, moja juu ya nyingine.

Alikufa siku ya pili, mchana, mtoto wetu wa Kahama akiwa ameshafika na wa Mwanza akiwa bado njiani.

Tulimzika nyumbani, kwenye migomba, si mbali na mtumbwi wake. Padre alikuja. Wasukuma walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, na yule mtu wa mkokoteni alikuwepo, alichimba kaburi na vijana wa kwetu. Kwenye matanga watu walisema ni mpango wa Mungu. Watoto walisema gari lilikuwa bovu, baba alijitahidi sana njiani. Niliwaacha waseme. Halafu siku ya tatu, wamekaa wote, niliwaambia jinsi ilivyokuwa, kama nilivyoandika hapa. Yule wa Mwanza alitoka nje. Hadi leo akinipigia simu ananiamkia, anauliza afya yangu, na anakata.

Pikapu ilivutwa na ng'ombe mpaka nyumbani. Wiki tatu baada ya mazishi nilijilaza chini yake nikafungua tenki. Nililiteremsha, nikamwaga dizeli yote kwenye beseni, nikaingiza mkono kupitia tundu la geji ya dizeli. Lilikuwepo. Lilikuwa jeusi, limevimba, lakini halijaoza, na mkunjo wangu ulikuwa bado vilevile, maana mimi nikisokota kitu nakisokota sawasawa. Mdomo wa bomba la kuvutia dizeli ulikuwa umeacha duara katikati yake, pale lilipokuwa linanyonywa na kuachiliwa. Nililiweka juu ya jiwe likakauka. Kisha nikalitupa. Sikuona sababu ya kukaa nalo.

Mfuniko nilinunua. Siku ile ile tuliyofika hospitali, wakati wamemwingiza ndani, nilitoka nje hadi kwenye duka la vipuri nikaununua. Nilikuwa nao mfukoni daktari alipokuwa ananiuliza.

Watu wa kule kwetu wananiuliza mbona sitengenezi gari. Boliti inapatikana, pampu inapatikana, kazi ya siku mbili. Ninaweza. Ni kwamba sikuona wa kumpeleka.

Leo nina vitu hivi:

Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati.

Ekari saba, nne za migomba, zilizobaki mihogo na mahindi.

Mbuzi kumi na moja.

Mtumbwi wa kukamulia rubisi, mmoja, haujapasuka. Vibuyu sita.

Kaburi moja la saruji.

Spana, seti kamili, ila kumi na saba imepinda.

Pikapu moja, iko juu ya matofali nyuma ya nyumba. Injini ipo. Mfuniko wa tenki upo, wa chuma, na funguo zake mbili.

Ng'ombe wawili wa kukokota, niliwanunua kwa yule Msukuma.

Mkokoteni mmoja, nimeutengeneza mwenyewe. Ekseli yake na matairi ni ya pikapu, na chini ya mbao nimeweka springi.